Betri ya pili sasa: jioni gari linawaka vizuri, asubuhi stata inalia tik-tik. Tatizo liko wapi?

#1 Mtu wa Uyole
Habari wakuu. Nina Toyota IST ya injini 1NZ, naishi Uyole hapa Mbeya, kazi yangu iko mjini kule Sokomatola. Betri ya zamani ilipokufa nilijua ni umri, nikanunua mpya ya saizi NS60, ile isiyo na vifuniko vya kuongeza maji. Haijamaliza mwaka na yenyewe imeanza. Jioni nikizima gari halina shida, hata nikijaribu kabla ya kulala linawaka. Asubuhi saa kumi na mbili nikipiga stata ni tik-tik-tik na taa za dashibodi zinafifia. Jirani ana Noah, ananibusti, na baada ya hapo mchana kutwa gari linawaka bila neno.

Nimeshaona mafundi watatu. Wa kwanza kasema altaneta, ile inayochaji betri injini ikiwaka. Wa pili kasema betri ni feki. Wa tatu anataka kung'oa alamu yote. Kila mmoja ana uhakika na kila mmoja anataka hela.

Nimenunua mita nikapima mwenyewe. Nusu saa baada ya kuzima: volti 12.5. Asubuhi: 11.9. Injini ikinguruma bila mzigo: 14.1. Nikiwasha taa kubwa, feni ya hita na waipa bila kukanyaga mafuta: 13.2. Nani kati ya hao watatu yuko sahihi?

#2 Kijana wa Ipogolo
Kamwene. Hiyo ni baridi mkuu, usitafute mchawi. Mwezi wa sita na wa saba huko kwenu betri zote zinalia.

#3 Pwani Kwetu
Njoo Dar ukae. Huku hatuna hayo matatizo.

#4 SpanaKumi
#1 asante kwa kuja na vipimo, wengi huja na "gari haliwaki" tu. Mimi ni fundi umeme wa magari hapa Mwanjelwa. Naomba tuanze na altaneta kwa sababu ndiyo watu hukimbilia kubadilisha. 14.1 bila mzigo ni nzuri. Altaneta nzima inatakiwa itoe kati ya 13.8 na 14.7. Hiyo 13.2 ukiwa na mzigo na injini iko chini ni ndogo kidogo, lakini bado iko juu ya betri, kwa hiyo haiwezi kuwa ndiyo inayoua betri usiku mmoja. Panda hadi mizunguko 2,000 kwa dakika ukiwa na mzigo uleule. Ikipanda kufika 13.8 au zaidi, altaneta inachaji. Ikibaki palepale, angalia fenibelti kwanza kabla hujagusa kitu kingine. Belti iliyong'aa upande wa ndani huteleza, na asubuhi yenye umande utaisikia inalia.

Halafu pima tamino, kile kichwa cha waya kinachobana nguzo ya betri. Hapa simaanishi kuangalia. Shika tamino kwa mkono uizungushe. Betri za Kijapani za jamii ya B zina nguzo nyembamba, wakati kichwa cha waya kwenye magari mengine ni cha nguzo nene. Watu wanachomeka kipande cha bati au msumari ili kibane. Hicho kipande kinapitisha moto wa kuwashia redio, lakini stata inapotaka ampea 150 kinapata joto na moto unaishia hapo.

#5 Mtu wa Uyole
SpanaKumi umeniona? Kuna kipande cha bati kwenye chanya, kimekunjwa mara mbili, na pembeni kuna unga wa kijani. Nimefunga na spana namba 10 mpaka mwisho lakini bado kinacheza.

#6 SpanaKumi
Toa hicho. Tafuta kifuko cha risasi cha kuvalisha nguzo nyembamba, kipo madukani, bei ndogo. Unga huo mwagia maji ya moto yenye magadi ya kuokea, utatoa povu, kisha suuza, kausha, paka grisi. Usiruhusu yale maji yaingie ndani ya betri.

#7 Baridi ya Makete
#3 usitudanganye, mzee wa pwani. Joto ndilo linaloua betri, baridi inaonyesha tu kilichokufa. Joto likiongezeka kama nyuzi 10, maisha ya betri yanapungua karibu nusu. Huku kwetu bondeni kunakuwa na barafu nyeupe kwenye majani asubuhi na bado betri nzuri inatufikisha miaka minne, mitano. Waulize wenye magari wa Dar wanabadilisha kila baada ya muda gani.

#8 Pwani Kwetu
#7 hapo umenifunga mdomo. Yangu ilikufa Februari.

#9 Kijana wa Ipogolo
Lakini baridi inapunguza nguvu, hilo hamuwezi kukataa. Kazi ndani ya betri ni ya kikemikali. Kwenye nyuzi 0 betri inabaki na kama theluthi mbili ya nguvu zake za kuzungusha stata. Uyole alfajiri ya Julai haifiki 0 lakini inashuka chini ya 10. Na wakati huohuo injini nayo inakuwa nzito kuzungusha. Mtu wa Uyole, umeweka oili gani?

#10 Mtu wa Uyole
Fundi aliniwekea 20W-50 kwa kuwa gari limetembea sana na lilikuwa linakula oili.

#11 Kijana wa Ipogolo
Hayo ndiyo yenyewe. 1NZ kiwandani imepangiwa 5W-30. Hiyo 20 ya mbele ndiyo uzito wa oili ikiwa baridi. Alfajiri stata inapambana na kitu kizito, betri inazidiwa, volti zinaanguka, unasikia tik-tik. Badilisha oili kabla hujanunua betri ya tatu.

#12 Mwalimu wa Njombe
#11 oili nzito inachosha stata, sawa. Lakini oili haiwezi kuishusha betri kutoka 12.5 hadi 11.9 gari likiwa limeegeshwa. Mtu wa Uyole alipima kabla ya kupiga stata, au sivyo? Kama alipima kabla, oili haihusiki na ile 11.9.

Tufanye hesabu. Betri ya asidi ikitulia, 12.6 na kuendelea imejaa. 12.4 ni kama robo tatu. 12.2 nusu. 12.0 robo. 11.8 imekwisha. NS60 ina kama ampea-saa 45, yaani ampea 1 kwa saa 45. Kutoka 12.5 hadi 11.9 ni kama robo tatu ya betri, tuseme ampea-saa 34 hivi. Ndani ya saa kumi za usiku huo ni zaidi kidogo ya ampea 3 mfululizo. Huo ni mzigo wa kuacha taa ndogo za kuegeshea zikiwaka mpaka asubuhi. Mtu angeona.

Kwa hiyo ama kuna kitu kinakula ampea 3 gizani, ama betri yenyewe haina tena ampea-saa 45 ndani yake. Betri iliyobakiwa na uwezo mdogo huonyesha 12.5 ikitoka kuchajiwa, halafu inaporomoka kwa mzigo kidogo.

#13 Mtu wa Uyole
Nilipima kabla ya kupiga stata, mwalimu. Boneti tu ndiyo nilifungua.

#14 Mama Mufindi
Jamani mnamrukia na hesabu. Muulizeni anaendesha vipi. Uyole hadi Sokomatola ni safari fupi, foleni Mwanjelwa na Kabwe, asubuhi taa, hita na waipa vinawaka, jioni hivyohivyo. Altaneta injini ikiwa chini haitoi umeme wake wote. Kila siku anatoa zaidi ya anachorudisha. Betri ya asidi ikikaa nusu tupu muda mrefu, salfeti inaganda kwenye sahani na haitoki tena. Mimi nilikuwa na shida hiyohiyo kwenye Raum yangu ya kupeleka watoto shule Mafinga. Nikianza safari ya Iringa mara moja kwa wiki, betri inapona.

#15 SpanaKumi
Mama Mufindi amegusa kitu ambacho mafundi hatusemi kwa sababu hakina hela ndani yake. Na mwalimu #12 yuko sawa kwenye hesabu, ila ile 12.5 ni ya nusu saa tu baada ya kuzima. Hiyo ni chaji ya juu juu. Iache itulie saa kadhaa ndipo usome. Inawezekana hakuwahi kufika 12.5 ya kweli.

Sasa tupime kinachovuja. Weka mita kwenye ampea 10, hamisha waya mwekundu wa mita kwenye tundu la ampea, toa tamino ya hasi, unganisha mita katikati ya tamino na nguzo ya betri. Kabla ya hapo fungua mlango na ulaze kitasa chake kwa bisibisi ili gari lidhani mlango umefungwa. Funguo ziweke mbali. Usifungue kitu, usipige stata mita ikiwa hapo, utaunguza fyuzi ya mita. Subiri nusu saa nzima. Gari halilali papo hapo. Namba ya mwanzo inatisha, usiifuate. Ikitulia kati ya miliampea 20 na 50 (ampea 0.02 hadi 0.05) ni kawaida.

#16 Tunduma Mpakani
Njia rahisi: gari likiwa linawaka, chomoa tamino moja. Likizima, altaneta imekufa. Likiendelea, ni nzima. Wazee walikuwa wanafanya hivyo.

#17 SpanaKumi
#16 naomba sana mtu asifanye hivyo kwenye IST. Hayo yalikuwa ya magari ya dinamo. Betri ndiyo inayotuliza volti. Ukiichomoa, altaneta inaruka juu ghafla na kompyuta ya injini inaweza kufa palepale. Nimeletewa magari ya namna hiyo, na mwenye gari anakuja na lawama juu ya betri. Mita ya bei rahisi kabisa inakupa jibu hilohilo bila hasara.

#18 Mtu wa Uyole
Mrejesho. Tamino nimeweka kifuko cha risasi, imebana. Kwenye mizunguko 2,000 na mzigo wote napata 13.9. Kuvuja: mwanzo ilikuwa ampea 0.34, baada ya nusu saa ikashuka hadi 0.06 ikakaa hapo.

#19 Mwalimu wa Njombe
Miliampea 60 ni kubwa kidogo kuliko kawaida, lakini kwa saa 12 inakula ampea-saa 0.72. Betri nzima ya 45 ingechukua wiki nne na zaidi kuisha. Kuvuja huko hakuleti 11.9 usiku mmoja. Nasimama kwenye betri.

#20 Dereva wa Viazi
Mwalimu unapima nusu saa unahukumu usiku mzima? Kuna vitu vinaamka na kulala. Mtu wa Uyole, gari ulinunua kwa mkopo? Kama lina traka, kile kifaa cha kufuatilia gari liko wapi, usiku inaamka kutuma taarifa, na ikikosa mtandao inatafuta na kutafuta. Na rilei (swichi ya umeme) inayonata haiji kila siku. Jioni moja inabaki imeshika, nyingine inaachia.

#21 Mtu wa Uyole
Traka ipo, aliiweka mwenye gari wa kwanza. Sijui hata imefungwa wapi.

#22 Kijana wa Ipogolo
Hapo sasa. Fundi wako wa tatu alikuwa na hoja, ila alikosea kifaa.

#23 SpanaKumi
Kuitafuta msichomoe fyuzi moja moja, mkichomoa na kurudisha mnaamsha kompyuta na namba inaruka. Weka mita kwenye milivoti, gusa vile vidoti viwili vya chuma juu ya kila fyuzi ikiwa mahali pake. Fyuzi isiyopitisha kitu inasoma 0.0. Inayosoma milivoti ndiyo njia ya mwizi. Traka nyingi zimeungwa moja kwa moja kwenye waya wa swichi chini ya usukani, nje ya fyuzi, kwa hiyo fyuzi zote zikiwa safi na mita bado inasoma 60, angalia hapo.

Na altaneta bado sijaiachia. Ndani yake kuna diodi, vipande vinavyoruhusu umeme upite upande mmoja tu; moja ikivuja, altaneta inachaji kawaida mchana na usiku inarudisha umeme kinyume. Gari likiwa limezimwa, ondoa waya mnene wa altaneta, uufunike na mpira, pima tena. Ikishuka kutoka 60 hadi 20, umempata.

#24 Baridi ya Makete
Njia ya huku ambako hatuna mafundi karibu: jioni toa tamino ya hasi, acha betri palepale kwenye gari. Asubuhi pima. Ikibaki juu, gari linakula. Ikishuka, betri inajila yenyewe. Hauhitaji kingine.

#25 Tunduma Mpakani
Na ukiitoa kabisa usiiweke kwenye sakafu ya saruji, inanyonya chaji.

#26 Mwalimu wa Njombe
#25 hiyo ilikuwa na sababu zamani, makasha ya betri yakiwa ya mbao na mpira, unyevu ulipita. Makasha ya sasa ni plastiki. Weka popote, mradi mtoto asiifikie.

#27 Mtu wa Uyole
Nimefanya ya #24. Jioni baada ya kutulia 12.4, asubuhi tamino ikiwa nje muda wote 12.2. Naomba tafsiri.

#28 Mwalimu wa Njombe
Betri. Haikuunganishwa na kitu chochote na bado imeshuka. Betri nzima ikikaa yenyewe inapoteza asilimia chache kwa mwezi, si robo kwa usiku mmoja.

#29 Dereva wa Viazi
Ikiwa imeunganishwa imefika 11.9, ikiwa nje imebaki 12.2. Tofauti hiyo imeliwa na nani? Gari.

#30 Mama Mufindi
Nyote mnapima betri ambayo haijawahi kujaa. 12.4 jioni ni robo tatu. Ijazeni kwanza.

#31 SpanaKumi
Naungana na Mama. Mtu wa Uyole, ipeleke ikachajiwe, ila simama uangalie anavyochaji. Betri ya 45 ichajiwe kwa ampea 4 au 5, usiku kucha. Wengi wanaifungulia 20 ili wakupe jioni hiyohiyo, inachemka, sahani zinapinda. Na mwambie asiifungue kwa nguvu kuongeza kitu. Hata zile zenye vifuniko, kinachoongezwa ni maji yaliyosafishwa peke yake. Asidi haipotei kwa mvuke, kinachopotea ni maji, ukiongeza asidi unakula sahani.

Swali jingine: uliponunua, ilikuwa inakuja na asidi yake tayari au walimimina dukani?

#32 Mtu wa Uyole
Ilikuja imefungwa, na lile jicho la kijani juu la kuonyesha chaji. Jicho bado ni kijani mpaka leo, ndiyo maana muuzaji amekataa kunibadilishia.

#33 SpanaKumi
Jicho linaona chumba kimoja kati ya sita. Vitano vingine halivioni. Rudi kwake na kipimo cha mzigo, usirudi na maneno. Kipimo cha mzigo ni kuivuta nusu ya nguvu yake ya kuwashia kwa sekunde 15. Kwenye nyuzi 21 isishuke chini ya 9.6. Kukiwa na nyuzi 10, mpaka 9.4 inakubalika. Chumba kimoja kikifa kabisa, betri inakaa karibu na 10.5 hata ikitulia, yako haijafika huko.

Halafu soma tarehe iliyogongwa juu ya kasha. Betri iliyokaa rafu ya duka mwaka mzima bila kuchajiwa imeshaanza salfeti kabla hujailipia. Mimi sinunui bila kupima, ikiwa chini ya 12.5 namwachia mwenye duka.

#34 Kijana wa Ipogolo
Na ukibadilisha, angalia herufi ya mwisho ya namba ya betri. L na R ni upande wa tamino. Kuna jamaa Mafinga alilazimisha R, waya ukavutwa mpaka ukagusa kasha la boneti.

#35 Mtu wa Uyole
Mrejesho. Imechajiwa usiku kucha kwa ampea 4, nilikaa hapohapo na fundi chaji. Ikatulia nusu siku ikasoma 12.7. Kipimo cha mzigo asubuhi ya baridi: 9.4, kikakaa hapo bila kuendelea kushuka. Nikaifunga, kesho yake alfajiri 12.5 na gari likawaka mara moja. Siku zilizofuata ikawa 12.4, kisha 12.3, na safari ni zilezile za mjini.

#36 Mwalimu wa Njombe
9.4 ni mpakani kabisa. Betri imechoka lakini haijafa. Muuzaji atakataa, na kwa kipimo hicho ana haki.

#37 Mama Mufindi
Inashuka kidogo kidogo kila siku. Huo ndio mwendo wa safari fupi, mimi naujua.

#38 Dereva wa Viazi
Au ndio mwendo wa traka. Itoe wiki moja, safari zibaki zilezile, uone. Ukibadilisha oili na kutoa traka siku moja hutajua kilichokuponya.

#39 SpanaKumi
#38 naunga mkono, kitu kimoja kwa wakati. Lakini waya mnene wa altaneta upimwe kwanza, ni kazi ya dakika kumi na haina gharama. Pita Mwanjelwa Jumamosi nina mita ya kubana, hatutakata waya wowote.

#40 Dereva wa Viazi
Mkuu SpanaKumi kabla hujaondoka. Nina Fuso napakia viazi Isyonje kwenda Dar. Betri mbili za volti 12, mfumo wa 24. Kila mara ni ileile moja inayokufa, nyingine inachemka mpaka inatoa harufu. Nimebadilisha zote mbili pamoja na imerudi vilevile.

#41 SpanaKumi
Redio yako ni ya volti 12?

#42 Dereva wa Viazi
Ndiyo. Na chaja ya simu ya tingo.

#43 SpanaKumi
Vimechukuliwa kwenye betri moja. Hiyo inayochukuliwa haijai kamwe, altaneta inaona jumla ni ndogo, inaongeza, na betri ya pili iliyokwisha kujaa ndiyo inayobeba ziada, inachemka. Nunua kibadilishi cha 24 kwenda 12, uunge redio na chaja hapo, waya wa katikati ya betri mbili usiwe na kitu chochote. Kisha chaji kila betri peke yake hadi ijae kabla ya kuzirudisha, la sivyo tofauti itabaki. Na hiyo inayochemka usiinamie na sigara, hewa inayotoka inalipuka.

#44 Tunduma Mpakani
Nusu ya Fuso za hapa mpakani zimeungwa hivyo. Kibadilishi cha ampea ngapi kinatosha kama nina na friji ndogo?